Mrija wa Ukutani

Funyula
11 Machi 1974

Kwa Afande Ignatius Ikapel,

Hunijui. Jina langu Rael Atyang, nafundisha darasa la tatu hapa Funyula. Mama yangu ni Zilpa Akurut, yule mjane mliyemkamata kule Malaba tarehe 2 Februari kwa sababu shemeji yake Oluka alikufa akinywa pombe nyumbani kwake. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Kiteso changu ni cha mdomo tu, na Kiingereza naona ni cha kuombea kazi.

Siandiki kulalamika. Naandika kukushukuru. Nilimwona mama rumande wiki jana. Kitu cha kwanza aliniambia si chakula wala kunguni. Alisema: "Kule kituoni kuna kijana wa kwetu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, nikamwona anaosha mirija yetu ya kunywea pombe kwa mikono miwili, kama mtoto anayeosha vya baba yake. Huyo alizaliwa na watu."

Afande, wewe ni Mteso, unajua. Mtu akifa, mrija wake hauachwi na machicha mdomoni. Kati ya ile mirija mitano mliyochukua kwetu, mmoja ni wa marehemu baba yangu, wenye alama tatu za moto karibu na mdomo. Aliutumia mpaka mwaka wa 1969 alipotuacha. Naomba uutunze kama ulivyoanza. Mrija ukikauka sana hupasuka, na huo hatuna mwingine.

Mama anasema Mungu akulipe.

Rael Atyang

*

Malaba
19 Machi 1974

Mwalimu Atyang,

Barua yako imefika. Sheria ya kazi hainiruhusu kuandikiana na mtu wa mshtakiwa, kwa hiyo nitajibu mara hii moja.

Mimi ndiye mtunza vielelezo hapa kituoni, yaani vitu vyote vinavyosubiri kesi: baiskeli, mapanga, magunia. Kila kitu kina kibandiko na namba. Naweka pia shajara yangu mwenyewe tangu kidato cha kwanza, kwa hiyo sihitaji kubahatisha. Nimeandika hivi: "Jumamosi tarehe 2 Februari. Saa tano Sajini Kariuki ameleta mirija mitano, imefungwa pamoja kwa kamba, inadondosha pombe, nzi wengi. Saa sita na nusu nimeiosha." Niliiosha yote katika beseni la kituo, nikaianika kivulini, nikaifunga kila mmoja na kibandiko chake. Ule wa alama tatu ulikuwa na vumbi, nikauosha nao. Ni Kielelezo Na. 5.

Mwambie mama asinishukuru. Hata mtoto wa kwetu wa miaka kumi angefanya vile. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema mrija mchafu humwita mwenyewe.

Ila jambo la kuosha lisitajwe kwa mtu mwingine. Sajini Kariuki si wa huku, anaweza kulielewa vibaya.

Mirija iko salama. Wiki ijayo inapelekwa Nairobi kwa Mkemia wa Serikali, kisha itarudi kwangu.

I. Ikapel, Konstebo

*

Funyula
6 Mei 1974

Kaka Ikapel,

Ulisema mara moja, nami nimejaribu kutii kwa wiki saba. Nimeshindwa. Niliposikia mirija imepelekwa kwa Mkemia nililala usingizi wa kwanza tangu Februari. Mashine haina shemeji wala jirani. Itasema kweli.

Nikueleze siku ile ilivyokuwa, maana najua karatasi zenu zimeandika kwa ufupi. Asubuhi ile walikuwa watu wanne kwenye chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake: mama, Oluka, Ojiambo wa posho mill na mzee mmoja jirani. Mama alitia maji ya moto juu ya machicha ya pombe, akaingiza mrija wake, akaonja kwanza mbele ya wote. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni aone haogopi pombe yake. Oluka alichelewa. Alikuja ameshika mrija wake mkononi, akasema ulilala kwa Egwang, yule tandiboi wa malori rafiki yake, kwa sababu jana yake walinywa huko. Akavuta mara tatu, nne. Akasema pombe ni chungu leo. Akaanguka.

Ojiambo alitapika. Nani hatatapika akiona vile? Yule mzee akapiga chungu teke kikavunjika, kwa kuwa chungu alichofia mtu hakikai uani. Ndiyo sababu Sajini hakupata chungu, akabeba mirija. Egwang alivuka daraja kwenda Uganda Jumapili na hajarudi.

Mama alimwambia Sajini Kariuki: "Kuku wangu wamedonoa machicha yaliyomwagika, hakuna aliyekufa." Sajini akacheka. "Mama, unataka nilete kuku kortini waape na Biblia?"

Wanasema mama alimchukia Oluka kwa sababu Oluka alitaka kumrithi awe mkewe. Kweli alimkataa, tena mbele ya watu: "Kunywa utakunywa hapa, kulala hutalala hapa." Lakini mtu anayetaka kuua hafanyi mzaha namna hiyo mbele ya watu.

Ripoti ikija, nisaidie neno moja tu: nzuri au mbaya.

Dada yako,
Rael

*

Malaba
20 Mei 1974

Dada Rael,

Mirija imerudi Alhamisi. Nimeipanga juu ya rafu ya pili, mbali na ukuta wa bati maana joto la mchana ni kali. Ripoti iko kwa Inspekta katika bahasha yenye lakiri. Sijaisoma.

Nina swali la ajabu kidogo. Unajua ile sauti ya mrija unaovuta hewa, chungu kikiwa kimekauka? Ile ambayo mwenye nyumba akiisikia anainuka kuleta maji ya moto? Tangu Ijumaa naisikia ndani ya stoo. Si usiku, ni saa saba mchana, nikiwa naandika kwenye kitabu cha vielelezo. Nikisimama inanyamaza, nikiinama kuandika inaanza.

Nadhani ni ukavu. Nimeanza kuweka birika la maji ya moto karibu na rafu ili mvuke uilainishe. Wenzangu wananicheka: "Ikapel anawapikia vielelezo chai."

Tafadhali uniambie kama mama yako anajua dawa ya mrija unaolia.

Ignatius

*

Funyula
12 Julai 1974

Kaka Ignatius,

Nimetoka Busia. Sijavua viatu.

Kesi ya mwanzo imesikilizwa na hakimu amesema mama aende kwa jaji wa Mahakama Kuu. Ni kesi ya kunyongwa. Kiongozi wa mashtaka alisoma ripoti taratibu kama anasoma orodha ya darasa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, Kielelezo Na. 1, ipo. Na. 2, ipo. Na. 3, ipo. Na. 4, ipo. Na. 5, ipo. Kipimo kinakaribiana katika yote. Akafunga karatasi akasema, "Mheshimiwa, sumu ilikuwa chunguni, na chungu kilikuwa cha mshtakiwa."

Mama aliinua mkono kizimbani. Akasema kwa Kiswahili chake kile: "Bwana mkubwa, huo wa tano haikuwa kwa pombe. Huo ni ya mzee yangu. Ilikuwa kwa ukuta, juu ya kitanda. Polisi alitoa kwa ukuta akafunga pamoja na ingine." Sajini Kariuki akaitwa, akasema yeye alichukua mirija mitano na yote ilitoka chunguni. Nilisikia watu nyuma yangu wakiguna: mwanamke huyu muongo.

Lakini mimi nimelala chini ya mrija ule miaka yote ya utoto wangu. Hakuna aliyeuweka mdomoni tangu 1969. Mama huupangusa Krismasi tu. Dawa ya ng'ombe ilipanda vipi ukutani?

Ndani ya basi niliwaza mpaka kituo cha Matayos. Nilipofika hapa nilitoa barua yako ya tarehe 19 Machi. Umeandika mwenyewe: "yote katika beseni la kituo". Umeandika wa alama tatu ulikuwa na vumbi.

Vumbi, kaka. Mrija uliotoka chunguni hauwi na vumbi.

Ulikuwa mrija mmoja wenye sumu. Ukaosha mitano katika maji yale yale.

Nakuuliza mara moja: nimekosea?

Rael

*

Malaba
2 Agosti 1974

Mwalimu Atyang,

Jambo hili sasa liko mbele ya korti, na mimi ni shahidi. Siwezi kulizungumza. Nakuomba, kwa usalama wako na wangu, uchome barua yangu ya 19 Machi. Niliandika kama mtu wa nyumbani. Sikuandika kama polisi.

Mke wangu Phoebe ana mimba ya miezi sita. Tunakaa nyumba ya serikali. Nadhani unaelewa.

Kitabu cha vielelezo hakina mahali pa kuandika kwamba kitu kimeoshwa. Kina safu nne tu: namba, kitu, aliyeleta, hali. Kwenye hali niliandika "nzuri".

I. Ikapel

*

Funyula
9 Agosti 1974

Afande,

Sitaichoma.

Nimekwenda rumande. Mama alikwisha kumwambia wakili aliyepewa na serikali kwamba uliiosha mirija. Wakili alikaa naye dakika kumi. Alimjibu: "Mama, neno lako na kitabu cha polisi, jaji ataamini nini?" Hakuandika hata mstari.

Nilimweleza mama mambo ya beseni. Nilidhani atakulaani. Alichokonoa uzi wa lile gauni la rumande. Kisha akasema: "Aliosha kwa heshima. Kosa si kuosha. Mwambie tu aseme."

Mimi si mwema kama mama. Ningeweza kesho kupanda basi na kumpa wakili barua yako ile. Wangekufukuza kazi na labda kukufunga, na Phoebe wako angezaa barabarani. Nimekaa na jambo hili siku nne. Nimeona nikupe nafasi ya kusema kwa mdomo wako, kama mama alivyotaka. Kesi ni Oktoba.

Umeuliza dawa ya mrija unaolia. Mama anasema mrija haulii. Anayelia ni mwenye nyumba ambaye hakusikia alipoitwa.

Rael

*

Malaba
30 Septemba 1974

Dada Rael,

Leo ninaandika kila kitu, kwa tarehe.

Tarehe 16 Mei nilisoma ripoti. Nilikudanganya. Bahasha ilikuwa wazi mezani kwa Inspekta nami niliisoma nikiwa nimesimama. Nilielewa papo hapo, kabla yako, kabla ya mtu yeyote. Sauti ilianza kesho yake.

Tarehe 15 Januari magunia sita ya chumvi yaliingia stoo yangu. Yalikamatwa porini karibu na daraja yakivushwa kwenda Uganda. Yalikuwa ya Egwang. Aliyetupa habari alikuwa Oluka, rafiki yake. Nililiona jina lake kwenye kikaratasi cha Sajini. Wiki mbili na nusu baadaye Oluka analewa kwa Egwang, anaacha mrija huko, na asubuhi anapewa mrija wake.

Nilikwenda kwa Sajini Kariuki mwezi wa Julai, baada ya barua yako. Nilimwambia habari ya chumvi na habari ya beseni. Hakukasirika. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Alisema: "Jina la mtoa habari halitajwangi kortini. Tukilitaja, kesho nani atatuambia kitu? Na hiyo ya beseni, Ikapel, sikusikia. Wewe ni stoo. Stoo haiongeangi."

Sasa birika halisaidii. Jana niliingia saa saba, nikamimina maji ya moto kwenye sufuria, nikaiweka chini ya rafu, nikamwambia Oluka kwa Kiteso, "Kunywa, shemeji, yameongezwa." Nilisema kwa sauti. Kulikuwa na fundi nje anapaka rangi dirisha, akaniangalia, akashuka ngazi akaenda zake.

Halafu kukawa kimya. Kisha ikaanza tena, na mara hii ilitoka mwisho wa rafu. Ilitoka Na. 5.

Dada, nitasema. Nitaapishwa na nitasema mimi mwenyewe niliiosha. Mwambie mama.

Ignatius

*

Nyumba ya wageni, karibu na korti
17 Oktoba 1974
Kwa mkono wa Japheth, mpishi wa hapa

Ignatius,

Leo ulipanda kizimba cha shahidi saa nne. Sare yako ilikuwa imepigwa pasi vizuri. Ulishika Biblia. Mama alikuwa anakuangalia kama anavyoangalia mlango mtoto akichelewa kutoka mtoni.

Kiongozi wa mashtaka alikuuliza, "Vielelezo hivi vilikuwa chini ya ulinzi wako tangu siku ya kwanza?" Ukasema ndiyo. "Viko katika hali ile ile uliyovipokea?"

Ukaiangalia mirija mezani, mmoja mmoja. Nilihesabu. Wale wazee watatu wa baraza wanaomshauri jaji waliinua vichwa. Sajini Kariuki, kwenye benchi, alikohoa kidogo tu.

"Ndiyo," ukasema. "Hali ile ile."

Wakili wetu aliulizwa kama ana swali. Akasema hana.

Ulipopita karibu nami kutoka nje uliangalia sakafu. Mama ameniambia nisiseme neno baya. Kwa hiyo sisemi. Nakuarifu tu, kama jirani anavyomwarifu jirani kabla ya kumshtaki: kesho asubuhi nitampa wakili barua yako ya 19 Machi. Uliiandika kwa Kiswahili. Jaji hahitaji mkalimani.

R. Atyang

*

Rumande
10 Novemba 1974

Dada Rael,

Ulikuwepo siku zote mbili, Ijumaa na Jumatatu, lakini kuna siku mbili katikati ambazo hukuziona. Nataka uzijue.

Ijumaa wakili aliposimama na ile karatasi, kiongozi wa mashtaka alipinga. Alisema ni barua ya siri ya askari, haikupatikana kihalali, isisomwe. Walibishana mpaka saa kumi na moja. Jaji alisema ataamua Jumatatu, karatasi ipewe namba kwanza na ihifadhiwe. Hakuwa amesoma jina chini yake. Karani wa korti akaipiga muhuri, akatia katika bahasha, akafanya alivyofanya kwa kila kitu cha kesi hii. Alinikabidhi mimi. Nilitia sahihi kwenye kitabu chake. Mkono wangu umezoea.

Nilikwenda nayo chumbani nilikopangiwa. Mirija ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, barua mezani. Kulikuwa na jiko la mkaa barazani. Mwenye nyumba alikuwa anakaanga samaki, akaniambia, "Boss, ukitaka moto wa kuchemsha chai, chukua." Nilikaa na barua yangu mkononi tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi mchana. Ni kurasa mbili. Zingeungua kabla samaki hajageuzwa.

Saa saba ilifika. Nilingojea ile sauti. Haikuja. Nilipiga magoti nikatega sikio kwenye sanduku. Kimya. Nilimwogopa Oluka akiita, lakini siku ile aliponyamaza nilimwogopa zaidi, maana nilijua anangoja aone nitafanya nini.

Basi nikachukua kibandiko. Nikaandika: "Kielelezo Na. 6. Barua, kurasa mbili, Kiswahili, wino wa buluu. Mwandishi: Konstebo I. Ikapel." Kwenye hali nikaandika: "Imekunjwa mara mbili. Haijaoshwa." Ni mara ya kwanza nimeandika hali ya kitu kama ilivyo.

Jumatatu, jaji alipokubali isomwe na kuuliza nani aliitunza, nilisimama. Akaniuliza swali lile lile. Nikasema, "Mheshimiwa, kiko katika hali ile ile niliyokipokea." Kisha nikasema, "Vile vingine vitano, hapana." Yaliyofuata uliyasikia: beseni, chumvi, jina la Oluka. Sajini Kariuki alifunika uso. Sikumwonea furaha. Mtu yule aliamini analinda watu wake.

Nimeshtakiwa kwa kusema uongo nikiwa nimeapa. Ni haki. Phoebe amerudi kwao, amezaa msichana. Sijamwona.

Naomba mambo mawili. La kwanza, niambie mama yuko wapi, maana nilipelekwa chini mahabusu kabla jaji hajasoma hukumu, na humu kila mtu ananipa habari yake. La pili, mrija wa Oluka bado uko stoo, unamngoja Egwang, na anayeutunza sasa hajui kitu. Sauti imehamia huku. Saa saba mchana. Hapa hatupewi maji ya moto.

Ignatius

*

Malaba
20 Novemba 1974

Kaka Ignatius,

Mama yuko nyumbani. Naandika nikiwa nimekaa kwenye mlango wake. Walimwachia saa tisa, Jumanne iliyofuata, na wazee wote watatu wa baraza walisema hana hatia. Alitoka bila viatu kwa sababu viatu vyake vilipotea rumande. Tulipofika aliingia uani akahesabu kuku kwanza.

Korti imeturudishia mrija wa baba. Ulipasuka, kaka, kutoka alama ya tatu mpaka karibu katikati. Mama aliutia katika sufuria ya maji ya moto, akaweka kidole kwenye ufa, akaondoa. Ulilia. Wote tuliusikia: ile sauti uliyoniandikia mwezi wa Mei. Mimi nilikimbilia nje. Mama alibaki ameushika, akaniambia, "Rudi, ni mume wangu tu. Wamemtilia sumu akiwa amekufa, unataka anyamaze?" Tumeuzika pembeni ya kaburi lake, kwa sababu hakuna mdomo utakaougusa tena. Tangu hapo mimi sijasikia kitu. Mama anasema yeye husikia, ila mbali.

Kuhusu ule wa Oluka, mama amekwenda mwenyewe kituoni na birika la maji ya moto. Walimcheka. Alisimama kaunta mpaka wakachoka, yule mtunza vielelezo mpya akamfungulia stoo. Anasema atakwenda kila Jumamosi.

Nilimsomea barua yako yote. Aliniomba nirudie pale pa Jumamosi na jiko la mkaa. Kisha akaniuliza wanakupa nini cha kula humo. Nikamwambia ni kile kile alichokula yeye mwenyewe. Akaanza kusaga wimbi.

Anakuja Jumanne, tarehe 26. Nilimwambia huyu mtu nusura akunyonge, na huenda akaogopa kula chochote kitokacho mikononi mwako. Alimaliza kwanza kusaga. Ndipo akanituma nikuandikie hivi, neno kwa neno:

"Ninaleta uji. Utaniona nikiuonja kwanza."

Rael